Kitambaa cha Padre

Kila Januari padre hupita nyumba hadi nyumba kubariki, na kila nyumba humngoja kwa namna moja: kitambaa cheupe mezani, msalaba katikati ya mishumaa, maji ya baraka kwenye kisahani, na kila chenye aibu kimesukumwa uvunguni. Halszka Pyrek wa kikosi cha zimamoto alichelewa kutambua kwamba wapangaji wa jengo la matofali nyuma ya mgodi uliofungwa walikuwa wakimpokea yeye vilevile.

Kazi yake haikuwa kuzima moto. Aliwafundisha watoto wa shule kutambaa chini ya moshi, akawaonyesha wazee namna ya kufunika kikaango kilichoshika moto badala ya kukimwagia maji, na majira ya baridi alipita kwenye majengo ya zamani kufunga bure kengele za hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye mitambo ya gesi inayochemsha maji bafuni, na huua pale watu wanapoziba tundu la hewa ukutani ili baridi isiingie. Katika jengo lile kila mtu alikuwa ameziba kwa utepe wa gundi. Na siku ya Halszka kila mtu alibandua utepe, akatandika kitambaa cheupe, akakata keki. Yeye akala keki huku akiutazama mstari wa gundi unaong'aa kuzunguka tundu, akijua kwamba akishafika ngazini utepe utarudi.

Alimweleza kamanda Bronisz, aliyemfundisha kazi.

"Wape neno lako," Bronisz alisema. "Waambie unachokiona hakitoki nje ya mlango wao. Sisi si polisi."

"Nikikuta kitu kibaya?"

"Niletee mimi. Nitamwita fundi wa mabomba ya moshi, atatengeneza, basi. Mwenye jengo hana haja ya kujua."

Halszka akarudi na neno hilo. Wa kwanza kulipokea alikuwa bibi Leokadia Dudzic, mjane wa ghorofa ya pili, aliyekuwa mpishi wa kantini ya mgodi.

"Kwa hiyo wewe unataka dhambi zangu kabla sijaziogesha?"

"Na matope yake, bibi."

"Padre angekuwa na akili hiyo, leo ningekuwa mtakatifu. Au ningekuwa jela." Akafungua mlango wa bafu. Utepe ulikuwa umepigwa tabaka juu ya tabaka. "Haya, mwanangu. Tazama."

Waliubandua pamoja. Halszka akafunga kengele, akambonyezesha kitufe, ikalia, bibi akaitukana kwa furaha. Kisha, bila kuombwa, akamshika mkono na kumshusha hadi kwa Hilary Kubas, mchimba makaa mstaafu.

"Leokadia, umeniletea serikali?"

"Nimekuletea mjukuu. Nyamaza, mwonyeshe jiko."

Kubas alikuwa ameunda jiko la makaa kwa mikono yake, akaliunganisha kwenye bomba la moshi lililojengwa kwa ajili ya gesi. Jiko lilikuwa limechomelewa vizuri mno na lingeweza kuua wapangaji wote wa ngazi ile. Halszka akamwambia hivyo hivyo, vyote viwili. Mzee alifurahia nusu ya kwanza.

"Usiliwashe mpaka fundi aje. Nitaomba aje Alhamisi."

"Na mwenye jengo?"

"Nimekupa neno langu."

Jioni hiyo alimweleza Bronisz, yeye tu, na kesho yake Bronisz akasema amemwita fundi aje Alhamisi.

Alhamisi hakuja fundi. Walikuja vijana wa mwenye jengo, wakaenda moja kwa moja kwenye jiko kana kwamba wamelijenga wao, wakalipiga picha, wakamwambia Kubas kwamba amevunja mkataba wa pango. Mwenye jengo alikuwa akitaka Kubas ahame kwa muda mrefu na alikuwa amekosa sababu. Kabla ya Pasaka mzee alikuwa analala kwenye kochi la binti yake, katika mji mwingine.

Halszka alimkuta kamanda ofisini, anamenya yai.

"Ulimwambia mwenye jengo."

"Huwa tunawinda pamoja. Aliniuliza hali ya jengo lake."

"Ukamwambia."

"Jiko lile lingeua watu. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi?"

"Fundi alikuwa aje Alhamisi. Ulisema umemwita."

"Nilimwita. Halafu haikuwa lazima." Akapuliza ganda kutoka kwenye vidole. "Na tuelewane, Halszka. Mimi sikumwahidi mtu. Aliyeahidi ni wewe."

Alitafuta kosa katika sentensi hiyo na hakuliona. Kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa amemjua mtu huyu tangu siku ya kwanza ya kazi, na hakuwahi kugundua kwamba alichagua maneno yake kwa uangalifu kiasi hicho.

Januari iliyofuata alirudi kwenye jengo. Alikuwa amejiandaa kufungiwa milango. Ilifunguliwa yote. Kila meza ilikuwa na kitambaa cheupe.

"Karibu, afande," alisema bibi Leokadia.

Keki ilikuwa imekatwa tayari. Bafuni, tundu la hewa lilikuwa wazi. Halszka akapitisha kidole pembeni yake na kidole kikanata. Akabonyeza kitufe cha kengele. Kimya.

"Betri iko wapi, bibi?"

"Labda imechoka, afande."

"Ya mwaka jana haichoki."

Bibi aliikunja pembe ya aproni yake, akaikunjua. "Watu wanasema hicho kidude kinasikia. Ndicho kilichompelekea mwenye jengo habari za Hilary. Mimi ndiye niliyekuleta kwa Hilary, afande. Sitaki kisikie tena."

Ngazi nzima, basi, ilikuwa imetoa betri. Halszka alihesabu haraka kichwani: mitambo ya gesi, matundu yaliyozibwa, kengele bubu. Uongo ule wa kidude kinachosikia ulimfaa yeye. Ungewaua wao.

"Hakisikii," alisema. "Kinanusa hewa tu. Aliyesema ni mimi. Nilimwambia kamanda wangu ili alete fundi, naye akamwambia mwenye jengo."

"Wewe."

"Mimi."

Bibi Leokadia aliiachia aproni. Kisha akaenda jikoni, akafungua droo, akarudi na betri ndani ya kiganja. Halszka akanyoosha mkono aipokee, bibi akampita. Alipanda kigoda mwenyewe, akaitia mwenyewe, akabonyeza. Kengele ikalia bafu zima.

"Hiki kitabaki," alisema akiwa bado juu ya kigoda. "Na wengine nitawaambia watie. Wataniamini mimi."

"Ahsante, bibi."

"Wewe usirudi."

Bibi akateremka na kutangulia sebuleni; Halszka akachukua mkoba wake. Alipopita sebuleni, bibi alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa cheupe, na keki ilikuwa bado juu yake.