Chuma Kipya Juu ya Uozo

Grainda ikigusa chuma kizima hulia mpaka meno yakakuwasha. Siku ile yangu ilinyamaza. Niliiweka kwenye chasisi ya gari la Bwana Morris, pale nilipotaka kukwangua rangi ili nipate pa kuchomelea, na diski ikazama kama kisu kwenye papai lililoiva likapitiliza. Nikazima mashine. Nikavua glavu, nikasukuma kwa kidole, na kidole kikapita upande wa pili.

Kisha wakatoka mende. Walimiminika kutoka kwenye tundu lile, wakubwa kwa wadogo, wengine na mayai nyuma, wakanipandia mkononi. Nikaupiga mkono kwenye ovaroli huku nikitukana. Nyuma ya mende yakafuata magazeti yaliyolowa grisi, mchanga wa bahari, mabonge ya pati ya kuzibia mashimo, na maji meusi yenye harufu ya mtaro wa sokoni. Nilitoka chini ya gari nikaenda kutema mate ukutani, na bado kinywa kilikuwa na ladha yake.

Mimi naitwa Mwende. Ni mchomeleaji katika gereji ya Kenneth, nyuma ya Mwembe Tayari, ambako honi za mabasi ya bara hazikuachi hata ukafikiri vizuri. Na chasisi, kwa asiyejua, ndiyo uti wa mgongo wa gari, vile vyuma viwili virefu vya chini vinavyobeba kila kitu. Kikivunjika kioo cha taa, utanunua kingine. Ikioza chasisi huna gari. Una kabati lenye injini.

Gari lenyewe lilikuwa la barabara mbaya, refu, jeupe, la kutamanisha kwa juu. Bwana Morris wa Kizingo alikuwa analiuza. Mnunuzi, Bwana Kombe wa Kuze, alikuwa amepata kazi ya kuwapeleka wauguzi wa chanjo vijijini, huko ng'ambo ya Bamba, na alisema halichukui mpaka vishikio vya shoki za nyuma vitengenezwe upya, vyenye nguvu kuliko vya kiwandani. Vya zamani vilikuwa vimekatika vyote viwili. Shoki ndizo zinazozuia gari lisirukeruke kama mbuzi, na kwenye mashimo ya kule, kishikio kikikatika dereva hubaki anaomba Mungu tu.

Kazi hiyo niliipenda, sitaficha. Nilikata kwanza mfano kwa boksi la biskuti, nikaupima mara kadhaa mpaka ukakaa. Nikakata bamba nene, nikalikunja, nikaliongezea vipande vya pembetatu pande zote mbili, na mguu wake nikaufanya mrefu ili mzigo usambae kwenye chasisi badala ya kulalia pahali pamoja. Vilikuwa vishikio vizuri. Ungeweza kumning'iniza ng'ombe. Kumbe nilikuwa nashona kifungo kizuri kwenye shati lililoliwa na panya.

Nikamwita Kenneth. Alikuja na kikombe cha chai, akainama, akatazama tundu, akatazama mende waliokuwa bado wanazunguka bila makao. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Ziba," akasema. "Mguu wa kishikio si mrefu? Utafunika pote hapo. Halafu rangi nyeusi. Rangi husitiri."

"Bosi, hapa hapana chuma. Kuna magazeti."

"Najua kuna nini. Mimi ndiye niliyeyatia." Akanywa chai yake. "Ilikuwa ya muda tu."

Ya muda tu! Maneno haya yameua watu wengi kuliko malaria, na bado mafundi wa nchi hii huyatamka kama dua. Nikamuuliza muda wenyewe ulikuwa uishe lini, akanijibu kwamba mteja hakurudi, na fundi hamfuati mteja nyumbani. Nilimtazama yule mtu aliyenipa kazi wakati gereji nyingine zilinicheka kwa kuwa ni mwanamke, nikaona kinyaa kipya, kibaya zaidi ya kile cha mende.

Bwana Morris akafika mchana, viatu safi, fulana nyeupe. Mtu huyu ana boti, na kwa miaka amekuwa akilirudisha gari nyuma mpaka ndani ya maji ya chumvi ili aishushe, kisha analipeleka nyumbani na kuosha juu tu, panapoonekana. Alipokaribia gari lake mwenyewe akatoa kitambaa akaziba pua.

"Hiki chuma chako kipya, si kina nguvu?" akaniuliza.

"Kina nguvu."

"Hakitavunjika?"

"Hakitavunjika, bwana. Kitang'oka kizima kizima, kiondoke na kipande cha chasisi, na gurudumu la nyuma lifanye linavyotaka. Kikishikiliwa na uozo, nguvu yake ndiyo itakayoupasua."

Akacheka kidogo, kama mtu anayesikia mtoto akisoma. "Kenneth, mfundishe msichana wako biashara." Akaondoka, kitambaa kingali puani.

Niliweka vifaa chini. Nikanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma, nikajifunga leso juu ya ovaroli, maana Kuze si mahali pa kuingia na suruali yenye matundu ya cheche, nikaenda kwa miguu. Bwana Kombe ana duka la kukodisha viti na maturubai ya harusi, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Alinikaribisha kwa heshima zote.

"Karibu, mwanangu, kaa kitako. Habari za tangu asubuhi? Wazima huko kazini?"

"Wazima, baba. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Na nyumbani kwenu, bara, hawajambo?"

Salamu zilipokwisha nikamwambia yote, mende na magazeti pamoja. Nikamwambia chasisi imeoza pande zote mbili, na wauguzi wake watapanda jeneza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Akaagiza niletewe maji baridi ya balungi.

"Mngu akuzidishie," akasema mwishowe. "Weye ni mtu mwema. Wangapi wangetoka mbio mpaka hapa kunifungua mato? Ahsante sana, mwanangu."

Nilirudi Mwembe Tayari mwepesi. Nilijiona nimeoga. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi nilidhani ya Firauni nimeshayaona.

Asubuhi yake Bwana Kombe akaja gereji, kanzu imepigwa pasi, na nyuma yake kijana mrefu wa Kigiriama aitwaye Masha, dereva atakayeliendesha gari. Bwana Morris naye alikuwepo. Bwana Kombe hakupandisha sauti. Alimchukua Bwana Morris kando, karibu na mapipa ya mafuta, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia. Akamtajia mende. Akamtajia magazeti, maji ya chumvi, boti. Alitumia maneno yangu yaleyale, kwa mpango uleule niliompa, na kwa kila neno Bwana Morris akashusha bei. Walipofika pale Bwana Kombe alipotaka, wakapeana mikono wakacheka.

Kisha akanijia. "Haya, mwanangu. Sasa vichomelee vile vyuma vyako, kama alivyosema Kenneth. Na rangi usisahau."

Nilidhani sikusikia. "Na niliyokwambia jana, baba?"

"Uliyoniambia yamenifaa sana. Si umeona mwenyewe?"

"Sikukwambia upunguziwe bei! Nilikwambia watu watakufa!"

Kenneth akakohoa. Bwana Kombe akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionichafua roho kuliko yote. Akanieleza kama anamweleza mjukuu: kazi ya wauguzi inaanza wiki hii, kubadilisha chasisi kutachukua mwezi, na wenye magari mengine wanaingoja nafasi kwa hamu. Magari mangapi barabarani ni mazima? Ajali ni ya Mwenyezi Mungu.

"Mwanao utampakia humu?" nikamuuliza.

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, sitamsingizia. "Mwanangu hana haja na ndia ya Bamba," akasema.

Kinyaa kina daraja zake. Cha mende hukaa kwenye ngozi, ukikoga kinatoka. Hiki kilinikaa kifuani. Nilikuwa nimekimbia kwenda kwa mtu huyu na leso kiunoni kama mjumbe wa heri, nikamkabidhi kisu cha kuchinjia bei, naye akanipa maji ya balungi.

Nikamgeukia Masha. Yeye alikuwa ameshafungua mlango wa dereva, ameweka mto wake mdogo wa maua kwenye kiti, anaujaribu usukani kwa mkono mmoja, anatabasamu peke yake. Nikamvuta nje. Magurudumu ya nyuma tulikuwa tumeyatoa, gari tukalikalisha juu ya magogo, kwa hiyo palikuwa wazi. Nikachukua bisibisi nikaichoma kwenye chasisi mbele ya macho yake. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikaitoa, nikampa yeye achome. Akachoma. Akachoma pengine. Tabasamu likamwisha.

"Umeona?"

"Nimeona, dada."

"Basi kataa."

Akaifuta bisibisi kwa shati lake, akanirudishia. "Nisipoendesha mimi ataendesha mwingine. Tangu mwaka jana nalala kwa dada yangu, namwangalia mumewe anavyonihesabia matonge. Nikatae nirudi huko?" Akachuchumaa, akalitazama lile tundu tena. "Ukichomelea vizuri kabisa, dada, vizuri kuliko siku zote, itashika mpaka lini?"

Hilo ni swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mteja. Wenye magari huuliza bei. Jibu lilikuwa kwamba ingeweza kushika mwezi, na ingeweza kukatika Mariakani, kabla hata ya kufika Bamba. Na yeye alikuwa tayari kuuchukua ule mwezi.

"Mwende!" Kenneth aliita. "Kama mkono umekufa ganzi sema, nichomelee mwenyewe." Akaanza kuvuta nyaya za mashine. Najua angefanya. Angechomelea chuma changu kizuri juu ya magazeti yake, angepaka rangi, na lingependeza.

"Wacha," nikamwambia. "Nitafanya mimi."

Wote wakapumua. Kenneth akanipiga bega akasema ndiyo maana ananipenda, mimi ni mtu wa kuelewa. Akawachukua mabwana wale wawili kwenda kunywa chai kwa mama wa mahamri, hapo langoni, na Masha akawafuata nyuma, hana la kufanya na mikono yake.

Nikavaa glavu. Nikabadilisha diski ya kukwangulia nikatia ya kukatia, mpya, nyembamba. Nikasimama ubavuni, mbali na uzito, nikaanza upande wa kushoto. Mahali palipooza diski ilipita bure, mende waliobaki wakatawanyika, maji meusi yakanirukia usoni na sikujali. Palipobaki chuma ililia kidogo, kidogo tu. Nikazunguka upande wa kulia. Huku palikuwa pabovu zaidi. Chasisi ilipoachana, gari likaguna, bodi ikapinda milangoni, na sehemu ya nyuma ikakaa chini kwenye magogo kama ng'ombe aliyekataa kuvushwa mto.

Walikuja mbio na vikombe vyao. Kenneth alisimama, akashika kichwa. Alinitukania mama, na mama yangu ni mtu wa kanisa, Mungu amsamehe. Lakini walionifurahisha, kama mtu aliyejaa nyongo anaweza kufurahi, walikuwa wale wawili.

"Gari yako hiyo, Kombe," Bwana Morris akawahi. "Tumeshapeana mikono."

"Hatujaandikiana! Gari ni yako mpaka tuandikiane!"

"Mkono wa Muislamu si neno?"

"Na wa mwenye kuuza uozo ni neno?"

Dakika chache nyuma kila mmoja alikuwa na haki juu ya gari lile. Sasa halikuwa na mwenyewe. Wakasukumiana hivyo, kanzu na fulana nyeupe, miguu yao ikikanyaga mende, mpaka nikatamani kuwamwagia ndoo ya maji ya betri. Kenneth akaniambia nikusanye vyangu nisionekane tena. Nikamwambia nilikuwa nimeshavikusanya, na lilikuwa kweli, maana ngao yangu ya uso na glavu ndivyo pekee vilivyokuwa vyangu humo.

Masha hakuwa na ugomvi na yeyote. Alikwenda kwenye mlango wa dereva, ukakataa kufunguka kwa vile bodi ilikuwa imepinda. Akapitisha mkono dirishani, akauchukua mto wake, akaukung'uta vumbi. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Nilingoja. Sitadanganya, nilingoja ahsante.

"Umenikatia kazi," akasema. "Mimi nilikukosea nini?"

Alinitazama vile nilivyokuwa nimemtazama Kombe, na Morris, na Kenneth, jicho la mtu aliyeona kitu kinachonuka. Akatema mate karibu na kiatu changu. Akauweka mto kwapani akatoka langoni, akapita katikati ya wasukuma mikokoteni na wauza tikiti wa mabasi, mzima, mbavu zote, miguu yote miwili.

Nichukie, Masha, nikasema, ingawa alikuwa ameshafika mbali. Nichukie mpaka uzeeke.