Kilichomuua Fulbert

Fulbert alizikwa mwezi wa Machi, na kabla mvua hazijashika akawa ameanza kumwita mdogo wake.

Roselien alikuwa shambani akifunika mikungu ya ndizi kwa mifuko ya plastiki ya buluu, ndipo aliposikia jina lake la utotoni likitoka katikati ya migomba: "Lili!" Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Kule Capesterre, kisiwani kwao, kila mtu anajua kwamba marehemu akikuita huitikii. Ukiitika, umekubali kumfuata. Roselien akafyata mdomo, akaendelea na kazi.

Tangu siku ile akawa anamsikia mara kwa mara, mara mferejini, mara nyuma ya banda la kuoshea ndizi. Kilichomtisha zaidi ni kwamba haikuwa sauti ya Fulbert wa mwisho, yule aliyebaki mifupa mitupu, akilia kila walipomgeuza kitandani. Ilikuwa sauti ya Fulbert mzima, kijana, mwenye haraka, kama mtu aliyesahau kusema jambo akiwa mlangoni.

Kijijini walisema Fulbert aliuawa na mgongo. Mwenyewe ndivyo alivyowaambia. Alibeba mikungu tangu ujana, nani angembishia?

Jumapili moja mjane wake, Yolène, alikuja kwa Roselien akiwa na sufuria ya samaki wa ndimu na pilipili. Alimkuta ameketi barazani, mashavu yamebonyea, ramu iko mbele yake na hajaigusa.

"Shemeji, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mkeo anasema huko shambani unasimama tu, umekodoa macho kwenye migomba."

Roselien akaisogeza ramu kando, akasema, "Yolène, Fulbert ananiita."

Mwanamke yule hakushtuka, wala hakufanya ishara ya msalaba. Aliweka sufuria chini, akaketi.

"Haukuwa mgongo," alisema. "Ilikuwa saratani ya tezi dume. Ilianzia huku chini, ikapanda mpaka kwenye mifupa. Daktari alimwambia mapema, angali anatembea na anacheza dhumna. Akaniapisha nisimwambie mtu. 'Watasema Fulbert si mwanamume tena.' Basi nikanyamaza. Nimemzika yeye, kiapo chake kimegoma kuzikika. Baba yenu alikufa na nini?"

"Mkojo ulimfunga."

"Mkojo ulimfunga, mgongo ulimuua! Nyie wanaume mna majina mengi ya ugonjwa mmoja. Kesho nakupeleka zahanati."

"Mimi nakojoa kama farasi, shemeji."

"Na yeye alikuwa farasi. Mwishowe nikawa namfulia suruali zilizoloa."

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yake Roselien, na hiyo peke yake ilitosha kumfanya atake kurudi nyumbani. Lakini Yolène alikuwa amekaa mlangoni na mkoba wake mapajani kama askari.

"Hii tezi ni ndogo, iko chini ya kibofu," daktari alimweleza. "Saratani ikianza pale, mara nyingi haiumi wala haizuii mkojo. Ndiyo maana hatungoji maumivu. Kaka yako aliipata, na huenda baba yenu pia. Wewe ulitakiwa uje zamani. Tutachukua damu. Kisha nitapima kwa kidole, kwa njia ya nyuma."

"Kwa njia ya nyuma?"

"Ni muda mfupi tu, baba. Wenzako wanapumua, wanatazama ukuta."

Roselien alilala ubavu, akatazama ukuta. Hapo hapo, karibu kabisa na sikio lake, akasikia: "Lili!"

"Niache!" akafoka.

"Nimeshamaliza," daktari alisema, akidhani ameambiwa yeye. Hakutabasamu. "Kuna mahali pagumu upande mmoja. Huenda si kitu. Majibu ya damu nayo hayatoshi peke yake. Ikibidi tutachukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano, hapo ndipo tutajua."

Ilibidi. Wakati wa kungoja majibu, Roselien hakwenda shambani; aliona ameshamwitikia marehemu. Alikaa ndani akifunga madirisha mchana kweupe, na kila mkewe alipopita nyuma yake, yeye aliruka kama aliyemwagiwa maji.

Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado ndani ya tezi. Walimpasua katika hospitali ya mjini, wakaiondoa. Kwa miezi kadhaa mkojo ulimvuja, akavaa pedi kama mtoto, akaona aibu, akamgombeza mkewe bila sababu, na hata leo kitandani hayuko kama zamani. Lakini yu hai, mifupa yake haiumi, na migombani haitwi tena.

Alipopata nguvu alimpigia simu Jocelyn, mwana wa Fulbert, fundi wa magari huko Pointe-à-Pitre, mtu wa miaka arobaini na ushei. Akamweleza yote, hata pedi.

"Baba mdogo, mimi sina hata homa!" Jocelyn akacheka, na kicheko kilikuwa cha Fulbert yuleyule. Nywele zikamsimama Roselien. "Wiki ijayo, nikipata nafasi."

Jumatatu, kabla Jocelyn hajamaliza kahawa yake, Roselien alikuwa mlangoni kwake, na Yolène ndani ya gari akipiga honi mpaka majirani wakachungulia.

"Mama naye?" Jocelyn aliguna.

"Vaa viatu," Roselien alisema.

Akatoka navyo mkononi, akinung'unika njia nzima hadi zahanati.