Mkwe wa Nne

Siku ya uzinduzi, mchapishaji alikuwa amepanga vitabu vyake vipya vya kitaaluma kwenye meza ndefu, kila mwandishi kasimama nyuma ya chake. Aliyeandika juu ya ugomvi wa majumbani alikuwa roho mkononi. Wanawake waliomsimulia aliwabadilisha majina wote, kama utafiti unavyotaka, lakini yule aliyemwita Mkwe wa Nne, mfunua sufuria za watu na mwonjaji asiyeombwa, alikuwa mama mkwe wake mwenyewe.

Na mama mkwe ndiye yule, kakaa pembeni tangu hotuba zianze, miwani puani, anasoma. Alipofika kwenye sura ya sufuria, akaacha kufunua kurasa.

"Mwanangu, hebu njoo."

Mwandishi akaenda.

"Huyu Mkwe wa Nne namjua."

"Mama, unajua, utafiti..."

"Usinifiche. Huyu si wifi yangu? Mzima mzima, kasoro jina." Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Miaka yote nasema yule hana haya, mkaniona mchonganishi. Sasa hata wasomi wamemwona."

Mwandishi akashusha pumzi aliyoibana tangu kitabu kiende kiwandani kuchapwa. "Mimi siruhusiwi kutaja majina, mama."

"Usitaje, nitataja mimi. Nifungie kimoja nimpelekee, ajisome."

Akainuka, akajivuta hadi kwenye meza ya chakula, akafunua sufuria ya kwanza na kuchota kidogo.

"Chumvi haijakolea," akamwambia mpishi.