Umekwama Wapi Leo?

Nilichokiona kwanza ni alama za vidole kwenye kioo cha kompyuta. Kusafisha ndiyo ilikuwa kazi yangu pale ofisini, kwa hiyo hata mwandishi wa masomo aliponiita nikae, macho yangu yalibaki kwenye zile alama.

"Dada, soma hatua hii, ufanye inavyosema. Nataka kuona kama mtu asiyejua kitu ataelewa."

Nikasoma polepole, maana shule niliiachia darasa la tano. *Futa mashine ya zamani kabla ya kuendelea.* Nikachukua kitambaa nikaifuta, mbele, nyuma, na waya zake.

Ofisi nzima ilicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni; kumbe mashine yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta, ya kuondolewa, si ya kupanguswa. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye mkuu wa ofisi, akapiga meza. "Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta! Akielewa shemeji yangu, ataelewa kila mtu."

Ofisi ile hutengeneza masomo ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha. Hizi ni za kuweka kazi zako kwenye kompyuta za mbali, mahali ambapo wenyewe hupaita winguni. Tangu siku hiyo nikaitwa Kipimo. Nikapewa kiti na chumba kisicho na dirisha, kilichokuwa stoo ya mafagio. Hakuna somo lililotolewa bila kupitia kwangu, na kila saa kumi shemeji alichungulia mlangoni: "Kipimo, umekwama wapi leo?"

Nikikwama, wanafurahi. Lakini anayeshinda majini hakosi kulowa. Siku moja nilikosa pa kusema nimekwama. Shemeji akakunja uso.

"Usiniambie umeshajua! Ukijua utanifaa nini? Nitatafuta mwingine, wewe urudi kwenye ndoo."

Alisema kama mzaha. Jioni, nyumbani kwao ninakoishi, dada alininong'oneza jikoni: "Usimuudhi, mdogo wangu. Kaa hivyo hivyo."

Nikakaa hivyo hivyo. Nikawa nabuni pa kukwama, kama mtu anayechechemea na miguu yake mizima.

Ndipo likaja somo la tisa. Hatua ya tano: futa kila kitu. Hatua ya sita: hifadhi nakala. Nikasoma mara tatu. Nakala ya nini, ikiwa vyote vimeshafutwa? Mwanafunzi angepoteza kazi yake ya masomo manane, na somo lilikuwa litoke saa kumi na moja.

"Kipimo, umekwama wapi leo?" Shemeji alikuja na mwandishi nyuma yake.

"Hatua ya tano. Na ya sita."

"Neno lipi?"

Nikaona aibu kumkosoa mwandishi mbele yake. "Nakala."

Mwandishi akatabasamu. "Nakala ni pacha, dada. Ulikuwa na kitu kimoja, sasa unavyo viwili."

"Na kama hicho kimoja kimeshafutwa?"

"Kwa kitambaa?"

Wakacheka wote wawili. Shemeji akaandika kitu kwenye daftari lake. "Ongeza maelezo ya nakala, kisha litoe."

Wakageuka. Nikasimama haraka kiasi kwamba kiti kiligonga ukuta, maana chumba chenyewe hakina pa kusogea.

"Shemeji, hatua zimegeuzwa. Watafuta kabla ya kuhifadhi."

Mwandishi akarudi, akainamia kioo, akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akashika kichwa. "Yarabi. Ni mimi niliyezihamisha asubuhi."

Shemeji hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Umejuaje?"

Bado ningeweza kusema nimebahatisha. Angecheka, na kesho saa kumi angechungulia kama kawaida. Nikatazama kioo. Alama za vidole zilijaa tena, safari hii zote zangu.

"Sijakwama," nikasema. "Sijakwama tangu somo la tatu."