Bangili Isiyo na Nakshi

Sindano alilala vibaya, akaamka vibaya, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya sonara, anatabasamu kwa meno yote. Pembeni yake baba yake, fundi cherehani aliyeshona suti za nusu ya mji, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na mkono wa kushoto ameulaza juu ya kaunta. Jina la Sindano binti alipewa na mzee huyu huyu tangu utotoni, kwa sababu ya ulimi wake mkali. Leo ulimi wenyewe ulikuwa mkavu.

"Bangili?" mzee aliuliza tena. "Mwanangu, mimi na bangili wapi na wapi?"

"Ni za kiume, baba. Zawadi yako ya kustaafu. Chagua mwenyewe."

Chagua mwenyewe! Uongo mtupu. Jana Sindano alikuja hapa peke yake, akachagua bangili moja ya fedha, bapa, haina nakshi wala jiwe, akamwomba sonara achonge namba yake ya simu upande wa ndani, kwa tarakimu ndogo ndogo. Halafu wakaandaa sinia: ile bapa katikati, na kando yake mbili ambazo waliamini mzee asingezitaka hata kwa dawa. Moja ilikuwa na kichwa cha simba, nyingine mnyororo mnene kama wa kufungia ng'ombe.

Mzee alikuwa ameanza kupotea. Mara ya kwanza nyumbani walicheka. Mara ya mwisho alikutwa barabara kuu, malori yanampita ubavuni, kiatu kimoja mguuni, anaulizia nyumba iliyobomolewa kabla Sindano hajazaliwa. Wakamtilia karatasi yenye namba mfukoni. Akaitoa, akasema mifuko yake si kabati la watu. Wakamvisha kadi shingoni. Akachukua mkasi, akakata kamba, akanuna siku nzima. "Mimi si mzigo wa kubandikwa anwani," alisema.

Ndipo kaka yake Sindano, aliyeogopa kuliko wote ila hajui kuogopa bila kufoka, alipotia kufuli jipya kwenye geti. "Akirudi leo mkono mtupu, bila hiyo bangili, hatoki tena," aliapa asubuhi hiyo. "Bora anichukie akiwa hai." Lakini mzee yule kila siku alitembea kwenda kuwasalimia mafundi wenzake, na matembezi hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kumfanya avae shati safi. Ukimfungia, umemmaliza. Sindano alilijua hilo.

Sonara naye hakuwa mwongo mzuri. Alikuwa anafuta kioo alichokwisha kukifuta.

"Simba!" mzee akasema, akaivaa. "Huyu ananifaa."

Moyo wa Sindano ukafanya paa. "Baba, utaonekana kama dalali wa magari."

"Kwani madalali hawapendezi?" Akanyanyua mkono, akajitazama kwenye kioo, akajikohoza kwa madaha. Sonara akatoa jasho. Kisha mzee akaishusha mikono ya shati juu ya bangili, na manyoya ya simba yakanasa kwenye kitambaa. Uso ukambadilika palepale. "Inavuta nyuzi. Ondoa."

Mnyororo hakuugusa hata kwa kidole. Akachukua ile bapa, akaivaa, akapitisha shati juu yake mara kadhaa. Haikunasa. "Hii sasa ni ya mtu mwenye akili," akasema.

"Basi nikufungie, mzee wangu!" sonara akadakia, haraka kupita kiasi.

Sindano alishaanza kutafuta simu kwenye mkoba ili ampigie kaka yake. Alipoinua macho, baba yake alikuwa ameivua bangili na anaigeuza kutazama upande wa ndani. Yeye aliyekulia chini ya meza ya cherehani alisahauje? Baba yake hajawahi kupokea nguo kwa uso wake wa nje. Iwe koti la bwana harusi au sare ya shule, kwanza aligeuza, akakagua mishono. "Nje kila fundi anajipendekeza," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake.

Mzee akavaa miwani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya tarakimu, polepole.

"Namba ya nani hii?"

Sonara akakumbuka kazi chumba cha nyuma. Sindano angeweza kusema ni namba ya kiwandani. Alilifikiria kabisa.

"Yangu, baba."

"Kumbe ni ile ile kadi. Mmeipaka fedha tu." Akaiweka kwenye sinia, akainuka, akaenda mlangoni.

Sindano hakumfuata. Kupitia kioo cha dirisha alimwona amesimama kizingitini. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukapapasa, ukatoka mtupu. Walikuja kwa miguu, moja kwa moja, kutoka kushoto. Sindano aliuma midomo asije akapiga kelele.

Mzee akarudi ndani. Alionekana mdogo ndani ya koti lake mwenyewe.

"Tulikuja na njia ipi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kushoto, baba." Na machozi yakamtoka Sindano, hakuyazuia.

Mzee akakaa. Akashika bangili, akaigeuza tena upande wa ndani, akamwita sonara.

"Fundi, kazi hujaimaliza."

"Namba ipo yote, mzee, nimeihakiki mwenyewe."

"Namba naiona. Jina liko wapi? Chonga hapo: Sindano, mwanangu."

Sonara akajaribu utani. "Atakayekuokota si atadhani unatakiwa kudungwa?"

"Atakayeniokota atapiga namba, inamtosha. Jina ni kwa ajili yangu mimi." Mzee akamtazama bintiye. "Iko siku nitaisoma namba hii nisijue ni ya nani."

Sonara hakutania tena. Akawasha taa ya meza, akachukua kalamu yake ya chuma. Sindano akatoka mpaka kizingitini, akampigia kaka yake.

"Toa kufuli," akasema.