Mtani Harudishi Kofia

Korogwe nzima nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunitukana. Wengine walinisalimia, wakaniachia magari yao, wakayafuata yalipopona, wakaenda zao. Mwinjuma peke yake ndiye aliyesimama mlangoni pa gereji yangu na kuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, kama yule Mnyamwezi mbeba mizigo ameshakufa au bado anasumbua watu. Nami nilimjibu kutoka chini ya gari kwamba bado nipo, nangoja Mzigua mmoja atangulie ili nile wali wa matanga yake.

Sisi ni watani. Babu zangu walipita nchi ya Wazigua wakiwa na mizigo ya watu kichwani kwenda Pwani, babu zake wakawauzia maji na unga kwa bei ya kukomoa, na kutokana na ugomvi ule sisi wajukuu tukaachiwa ruhusa ya kutukanana mpaka kiama bila mtu kununa. Mtani akichukua kitu chako, huna la kumfanya. Mama yake Mwinjuma alipofariki kule Kang'ata, niliingia kaburini kabla ya maiti, nikajilaza, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba marehemu alikuwa mchumba wangu na sitoki mpaka nipewe haki yangu. Waliokuwa wakilia wakacheka. Haki yangu nikaichukua kichwani mwa mfiwa mwenyewe, kofia nyeupe iliyotariziwa na huyo huyo mama yake, nikaja nayo Korogwe na kuitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu. Kila alipokuja aliiomba, na kila alipoiomba nilimwambia mtani harudishi.

Chumba kile kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na kofia ile. Nilitoka Sikonge kijana, nikaletwa na treni pamoja na manamba wenzangu kukata mkonge, na mkonge uliponishinda nikajifunza ufundi wa magari. Nilimwoa Agripina wa Usambara. Siku moja alipanda kwao kusalimia, hakushuka tena, na sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui namna ya kukaa na mtu jioni nzima. Nasema haya ili ieleweke Mwinjuma alikuwa nani kwangu.

Basi mwaka uliofuata Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yakiwa yameshachukuliwa na serikali, mabwana walikuwa wakifunga mizigo na kuuza walichoshindwa kubeba. Mmoja wao alikuwa anauza pikapu. Mwinjuma alikuwa na duka dogo Chanika, pale Handeni mjini, akauza ng'ombe wake wote ili alinunue gari lile, apakie mahindi ya Kang'ata ayalete Korogwe, na juu ya magunia akae mkewe Hamisa pamoja na watoto. Hakuwa mjinga. Bernardo, fundi wa yule bwana, alimwapia kwamba gari ni zima, naye akamjibu kuwa mwenye kuuza mbuzi hawezi kukwambia ana kikohozi. Akaja kunichukua mimi nilikague.

Injini ilikuwa safi, haina neno. Ilivuma vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaitamani. Lakini nilipoingia chini nikakuta chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, imepakwa lami mbichi sehemu moja tu. Mtu hapaki lami kidole kimoja cha mguu. Nikakwangua kwa bisibisi, na chini ya lami nikakuta chuma kilichokatika na kuchomelewa ovyo, na pembeni mwa kile kiungo ufa mwingine umeshaanza kutembea.

Nikatoka, nikajifuta mikono. "Mwinjuma, hili gari limevunjika mgongo. Limeungwa likafichwa. Ukilipakia mahindi litakatika njiani, litakuulia watoto."

Bernardo alifungua mdomo abishe, lakini hakuwa na haja. Mwinjuma alikuwa ameshaanza kucheka.

"Unataka nibebe magunia kichwani kama babu yako," akasema.

"Sikutanii leo."

"Ndivyo unavyoanza siku zote."

"Ingia mwenyewe utazame."

Hapo akacheka mpaka akashika tumbo. Mwaka mmoja kabla nilimwita hivyo hivyo chini ya lori aje asikilize mlio, naye alipojilaza nikamfungulia oili chafu ikamwagikia kanzu yake yote. Basi nikamwapia pale pale kwa jina la Mungu. Akawageukia watu waliokuwepo akawasimulia kiapo changu cha kaburini, na wote wakaangua kicheko. Mimi nilisimama katikati yao na bisibisi mkononi, na sijawahi kujiona peke yangu kama pale.

Walikubaliana kwamba biashara itamalizwa kesho yake asubuhi. Jioni nikamtuma jirani yangu Kaleb, Mshambaa, mtu asiyejua hata kutabasamu, akamwambie. Kaleb alirudi akasema Mwinjuma anauliza nimemhonga nini.

Nikakaa kitandani nikatafakari. Kumtukana kusingesaidia, maana ndiyo salamu yetu. Kukasirika kusingesaidia, maana angesema naigiza vizuri. Katika yote niliyokuwa nayo, kitu kilikuwa kimoja tu ambacho kingeweza kumwambia kwamba sitanii, na kilikuwa kimening'inia juu ya kichwa changu. Niliogopa kukigusa. Nikawaza watoto wale juu ya magunia, nikaishusha kofia, nikaifua, nikaianika juu ya jiko.

Asubuhi nilimkuta kwenye mgahawa wa karibu na stesheni anakunywa chai. Aliponiona akaanza, "Huyu mbeba mizigo—" Nikaiweka kofia mbele yake, imekunjwa.

Akacheka kidogo. Halafu akaacha.

"Hii nini?"

"Kofia yako. Nimeirudisha."

Aliitazama muda mrefu, akazigusa nyuzi alizozishona mama yake. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Chesisi ina ufa. Sina njia nyingine ya kukwambia ukanisikia."

Mwinjuma akasogeza kikombe pembeni. Hakuivaa ile kofia, aliitia mfukoni, akainuka.

"Ahsante, fundi," akasema.

Hakuwahi kuniita fundi. Nilimtazama akipanda basi la kurudi Handeni, na pikapu hakuinunua. Ilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyeridhika na maneno ya Bernardo. Ikakatika vipande viwili ikipanda mlima wa Lushoto na shehena ya mbao, na waliokuwemo walipona kwa sababu tu ilikuwa ikipanda polepole. Habari ilifika Chanika kabla ya wiki kuisha.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini miezi ikapita hakuna aliyeuliza mlangoni kama nimekufa. Kuna siku nilijiuliza mwenyewe.

Mwaka uliofuata pikapu nyingine ilisimama nje ya gereji. Sikusikia kelele. Nilipotoka nilimkuta Mwinjuma mlangoni, ndani ya kanzu nyeupe, amevaa kofia mpya, ananingoja nimalize kazi. Mkononi alikuwa na dumu la asali ya Kang'ata.

"Shikamoo, Mzee Isaka," akasema.

Sisi ni rika moja. Na miaka yote ile sikuwa najua kwamba analifahamu jina langu. Akanipa asali kwa mikono miwili, akanieleza kwamba Hamisa ananisalimu na kwamba watoto wanaombewa dua pamoja nami. Aliongea kwa adabu, macho chini, kama anavyoongea mtu na mkwewe. Nilitamani anitukane hata neno moja.

Nikaona nianze mimi. Nikalizunguka gari lake, nikanusanusa.

"Gari lenyewe linanuka Mzigua," nikasema, nikangoja.

Mwinjuma hakucheka. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa oili, akajilaza na kanzu yake nyeupe, akajisukuma mpaka chini ya chesisi.

"Ufa uko upande gani, Mzee Isaka?" akauliza kutoka kule chini.