Dawa Mwilini mwa Mughwai

Asubuhi ile Redempta alikuwa anapepeta uwele uani, na mumewe Mughwai ameketi karibu naye juu ya kigoda, anaota jua. Alipoinua ungo kupuliza makapi, aliona miboga aliyoipanda kando ya ukuta imelala chini, majani yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Jana yake ilikuwa mizima. Iliyokuwa mbali na kigoda ilikuwa bado imesimama.

"Baba Theresia," alisema, "hebu sogea kule kwenye mahindi."

Mughwai akabeba kigoda chake, akasogea. Mahindi hayakudhurika. Dawa aliyokuwa akiipuliza katika shamba la shirika ilikuwa ya namna hiyo hiyo: iliua magugu ya majani mapana, ikaacha mahindi na mtama. Redempta akamaliza uwele wake, akaenda kusaga.

Walikuwa wamehamishiwa pale Issuna mwaka wa operesheni ya vijiji. Nyumba zao zilipangwa kwa mstari, na mashamba yao ya zamani yakawa shamba la shirika la umma. Yakaja matrekta, mapipa ya dawa na mabomba ya kubeba mgongoni. Mughwai alichaguliwa kuwa mpulizaji, akaona fahari. Bomba lake lilivuja tangu mwanzo. Ikifika saa sita shati limelowa mpaka kiunoni, na ile harufu aliingia nayo ndani, ikakaa kwenye blanketi. Glavu waliahidiwa kila msimu. Waliambiwa waoge baada ya kazi, nao wangeoga kama kisima kisingekuwa mbali vile. Madebe matupu ya dawa wafanyakazi waligawiwa bure, na Redempta alichotea maji ya kunywa debe lake akishukuru.

Uvimbe wa Mughwai ulianzia chini ya taya, ukaenda kwapani. Huko Kiomboi hospitalini daktari alikata kipande cha uvimbe, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na jibu likarudi kwamba ni saratani ya tezi. Redempta aliuliza imetoka wapi. Daktari aliitazama mikono ya Mughwai iliyobabuka, akauliza anafanya kazi gani.

"Mimi ninaishuku hiyo dawa," alisema alipojibiwa. "Nendeni shirika mkadai fidia. Na msichelewe."

Habari za miboga hazikukaa uani. Wanawake walianza kuja asubuhi kumwomba Mughwai akaketi kidogo katika mtama wao. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kefa, alimpangia zamu katika shamba la ujamaa: anakalishwa mwanzo wa matuta, magugu yakinyauka anabebwa na kusogezwa mbele. Palizi ikawa inakwisha kabla ya chai. Watu walimshukuru, wakampa pole kwa ugonjwa, wakarudi nyumbani mapema.

Tatizo lilikuwa mboga. Kunde zilikufa, na mlenda ulikufa, kijiji kizima. Redempta alivuka korongo kuutafuta, kwa sababu Mughwai alikuwa hamezi kitu kingine. Lakini mlenda uligeuka mweusi bakulini mara tu alipouinamia. Ikabidi mkewe auweke nyuma ya mgongo wake, achovye tonge, ageuke haraka na kumtia mdomoni kabla halijaharibika. Mara nyingine aliwahi. Mara nyingi hakuwahi, na Mughwai alilitema na kusema ameshiba.

Redempta alikwenda ofisi ya shirika Singida mjini mpaka mlinzi akamzoea. Kila mara aliambiwa mgonjwa aonekane mwenyewe. Mwisho akamfunga Mughwai mablanketi, akampandisha basi.

Afisa wa fidia alikuwa Ndugu Antipasi, kijana mpole. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akawapa viti. Pembeni yake aliketi mtaalamu wa kilimo, Ndugu Mathayo. Dirishani palikuwa na kopo la maua, na Mughwai alikuwa hajakaa sawasawa maua yalipoangukia upande mmoja. Ndugu Antipasi alilichukua kopo akaliweka nje ya mlango.

"Mmejionea," alisema Redempta. "Dawa imo ndani yake."

"Tumeona, mama. Hatubishi."

"Basi mlipeni. Bado anapumua."

"Dawa hii ni ya magugu ya majani mapana, mama. Ndivyo watengenezaji wanavyosema. Ndugu Mughwai si gugu."

"Na mimea ya aina nyingine haiidhuru kabisa," Ndugu Mathayo aliongeza.

"Mtazameni shingo! Hamezi. Hawezi kulala chali. Nyinyi mlimpa bomba linalovuja, mkampeleka shambani bila hata glavu!"

"Pole sana, mama. Magonjwa yana sababu nyingi." Ndugu Antipasi alisogeza kiti karibu, kama mtu anayetafuta namna ya kusema bila kuumiza. "Ila kuna jambo lingine. Kama dawa imo ndani yake, na wewe mwenyewe umekiri, basi hiyo ni dawa ya shirika. Ni mali ya umma. Imetoka shambani bila kibali."

Mughwai ndiye aliyeuliza, kwa taabu:

"Sasa nitairudishaje, ndugu yangu?"

"Kwa kutembea tu," alisema Ndugu Mathayo. "Kwenye mistari ya mahindi. Taratibu, kadiri ya nguvu zako."

Tangu hapo gari la shirika lilikuja kumchukua kila asubuhi. Redempta alikwenda naye, akimshika kwapa lisilo na uvimbe, wakitembea mstari hadi mstari, na nyuma yao magugu yalilala. Meneja wa shamba aliridhika. Mapipa mapya hayakufunguliwa msimu ule.

Siku moja Redempta alisimama mbele ya gari na kutanua mikono.

"Leo haendi. Mwacheni alale. Mkitaka nikanyageni."

Dereva hakupiga honi. Alizima injini, akashuka, akasubiri kivulini kwa adabu. Aliyetoka ni Mughwai, ameshikilia ukuta.

"Nipishe, Mama Theresia."

"Unakwenda kufa kule."

"Kufa nitakufa. Sitaki nife naitwa mwizi."

Redempta akashusha mikono. Hasira ilimjaa, lakini hakumwona wa kumtolea: dereva alikuwa kijana wa watu, na mumewe alikuwa ameshaanza kupanda garini, akihangaika na mguu. Akaenda kumsukuma.

Mughwai alifia katikati ya mstari, mahindi yakiwa yamefika kifuani. Alikaa chini kama anayepumzika, akaegemea magoti ya mkewe, na Redempta akaendelea kumfukuzia nzi muda mrefu kabla ya kukubali.

Jioni mzee Kefa alikuja, kofia mkononi. Alisema shirika linatoa pole, na linaomba marehemu azikwe pale pale shambani, kwa sababu dawa haijaisha. Redempta alilia, akakataa, akawataja wazee wa ukoo wote waliolala kwenye makaburi ya zamani. Kefa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kaburi limeshachimbwa. Katekista alikuja akasali vizuri. Maua yalikauka kabla ya amina.

Redempta alirudi Singida kudai. Ndugu Antipasi alimpa kiti na maji. Alimweleza kwamba madai hayana tena mdai, ila msimu ukiisha wataangalia. Msimu uliisha. Akarudi. Alimkuta afisa mwingine, naye mpole, akaanza kumsimulia upya.

Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, mwanamke mmoja kijana aliyeitwa Lea alibisha hodi kwake. Mume wake, Melkizedeki, ndiye aliyekuwa amepewa bomba la Mughwai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Lea hakukaa. "Ameota kitu hapa," alisema, akigusa chini ya taya lake. "Na bustani yote imelala tangu juzi."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemkalisha juu ya jiwe, lile kubwa. Pale hapana kinachoota."

"Umefanya vizuri," alisema Redempta.

Akaingia ndani, akajifunga khanga nyingine, akatoka na kufunga mlango. Wakatembea pamoja mpaka barabarani, wakasimama kungoja basi la mjini. Hapo Redempta alianza kumfundisha namna ya kuyaeleza yote bila kulia, kwa kuwa ukilia wanakuambia uende ukapumzike, urudi siku nyingine.